ULITUONA WAPI? Ramli ya Agosti katika soka la wanawake wa vyuo vya Marekani

Najua nimeadimika. Kazi za chumba cha habari zimenibana, na mnajua tena umeme wetu una mambo yake. Lakini kuna jambo limenikaa kooni muda mrefu, leo nalitema. Mwenye kukereka akereke.

Mnaonifahamu mnajua kwamba nilisoma uandishi wa habari Marekani, na kwa miaka minne niliandikia gazeti la wanafunzi, dawati la michezo. Wenzangu wote waligombania mpira wa kikapu na ule mpira wao wa kubeba mikononi. Mimi nikaomba timu ya soka ya wanawake. Hakuna aliyenigombania. Mhariri alinitazama kama mtu aliyeomba kufagia uwanja, akasema sawa, ni yako.

Sasa kila mwaka Agosti ikifika, hata nikiwa huku Dar, natazama mambo ya kule, na kila mwaka nakasirika upya. Maana Agosti ndiyo mwezi wa ramli. Msimu wa soka la wanawake wa vyuo unaanza katikati ya Agosti na fainali inachezwa Desemba. Lakini kabla mpira wa kwanza haujapigwa, orodha zimeshatoka. Chama cha makocha, United Soccer Coaches, kinatoa orodha ya timu 25 bora za Daraja la Kwanza. Tovuti za soka nazo zinatoa za kwao. Vyuo vile vimegawanywa katika ligi zinazoitwa konferensi, na kila konferensi inawakusanyia makocha wake kura: nani atakuwa wa kwanza, nani wa pili, nani atashika mkia. Halafu inatoka orodha ya wachezaji wa kuangaliwa kwa ajili ya tuzo ya Hermann, anayopewa mchezaji bora wa mwaka. Mchezaji bora wa mwaka, jamani, na hajacheza mechi hata moja ya mwaka huo!

Hoja yangu ni fupi. Orodha hizi zinaitwa utabiri, lakini si utabiri. Ni kumbukumbu za mwaka jana zilizovalishwa nguo mpya. Na anayezilipia si kocha aliyepiga kura wala mwandishi aliyeziandika. Analipia binti ambaye hakuna aliyejisumbua kumtazama.

Kabla hamjaniuliza mimi ni nani wa kuyasema haya, nianze kwa kujishitaki mwenyewe.

Mwaka wangu wa pili mhariri alinipa kazi: maneno 600, utabiri wa konferensi yetu, timu 10, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Ilikuwa Jumanne na alitaka kazi Jumatano asubuhi. Nilifanyaje? Nilichukua msimamo wa mwaka uliopita, nikaangalia nani kamaliza masomo, nikapandisha timu moja hapa na kushusha moja pale ili isionekane nimenakili. Timu ya chuo chetu nikaiweka ya tisa. Kwa nini ya tisa? Kwa sababu mwaka uliopita ilikuwa ya nane na mfungaji wake bora alikuwa ameondoka. Basi. Uwanja wa mazoezi ulikuwa dakika saba kwa miguu kutoka chumbani kwangu na sikukanyaga. Nilikaa kwenye kiti, nikanywa chai, nikawapangia wasichana 28 hatima yao.

Ile timu ilimaliza ya nne. Ikafika nusu fainali ya konferensi, ikatolewa kwa matuta. Jioni ile nikaenda kumhoji kipa wao, msichana wa mwaka wa mwisho, mtulivu, mrefu kuliko milango ya kwetu. Katika kabati lake la nguo alikuwa amebandika kipande cha gazeti. Kilikuwa changu. Nikajiandaa kutukanwa. Hakunitukana. Aliniuliza swali moja tu, tena kwa upole: "Nimekuwa nikitaka kukuuliza tangu Agosti. Ulituona wapi?"

Wadau, sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Nikapata na jambo jingine la kunisumbua. Msimu ule mechi tatu za konferensi yetu zilichaguliwa zionyeshwe kwenye runinga ya eneo lile. Zote tatu zilihusu timu tatu za juu kwenye orodha ya Agosti. Ratiba ya runinga ilipangwa mapema, na timu ya nne ilipoanza kushinda ikawa nafasi zimekwisha. Yule kipa alitaka kucheza Ulaya baada ya masomo. Mkanda wa kuwatumia mawakala alirekodiwa na baba yake, kwa simu, kutoka jukwaani, huku watu wakikatiza mbele ya kamera. Hakupata timu. Sisemi kwamba ni orodha iliyomnyima, soka lina sababu nyingi. Ninachosema ni kwamba mlango mmoja ulikuwa umefungwa kabla hajafika mlangoni, na mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa.

Haya, tuje kwenye hesabu.

Daraja la Kwanza lina vyuo zaidi ya 340 vyenye timu ya soka ya wanawake. Zaidi ya 340! Sasa mchukue kocha anayepiga kura Agosti. Wachezaji wake wameripoti kambini mwanzoni mwa mwezi. Ana wiki mbili hivi kabla ya mechi ya kwanza. Asubuhi yuko uwanjani, mchana yuko na daktari wa timu, jioni anapanga kikosi. Huyu atazitazama lini timu nyingine? Hawezi. Hata angetaka, hakuna cha kutazama, maana timu nazo hazijacheza zaidi ya mechi mbili tatu za kujipima. Kwa hiyo anafanya kile nilichofanya mimi na chai yangu: anakumbuka. Anaandika majina anayoyakumbuka, kwa mpangilio anaoukumbuka. Halafu kura zinajumlishwa, zinapewa pointi, na mambo ya kukumbuka yanatoka yakiwa na sura ya hesabu. Mtu akiona namba 7 na namba 19 anadhani kuna mtu amepima. Hakuna aliyepima.

Watetezi wa orodha hizi watasema, dada, dalili ya mvua ni mawingu. Timu iliyokuwa nzuri mwaka jana huenda ikawa nzuri mwaka huu. Nakubali. Lakini mawingu unayatazama juu, leo. Hawa hawatazami juu, wanasoma kalenda ya mwaka jana.

Na kweli kuna wakati kalenda ilitosha. Mashindano ya taifa ya NCAA kwa soka la wanawake yalianza 1982. Kuanzia mwaka huo hadi 2000, chuo cha North Carolina kilichukua ubingwa mara 16 katika mashindano 19. Waliowapokonya ni George Mason 1985, Notre Dame 1995 na Florida 1998, basi. Enzi hizo hata mtoto wa chekechea angeweza kutabiri. Ukiandika North Carolina namba moja, umemaliza kazi, nenda kalale. Nadhani hapo ndipo tabia hii ilipozaliwa: watu walizoea kwamba jina linatosha.

Lakini dunia ikabadilika. Portland, chuo kidogo cha Kikatoliki, kikachukua ubingwa 2002 na tena 2005, kikiwa na Christine Sinclair, msichana wa Canada aliyefunga mabao 39 katika msimu huo wa 2005, rekodi ya msimu mmoja. Santa Clara, chuo kingine kidogo, kikachukua 2001. North Carolina baada ya ubingwa wa 2012 wakakaa miaka 12 bila taji la taifa. Walifika fainali 2018 wakafungwa na Florida State. Wakafika 2019, Stanford wakawatoa kwa matuta. Wakafika 2022, wakaongoza 2-0, UCLA wakarudisha moja, halafu wakasawazisha zikiwa zimebaki sekunde 16, SEKUNDE 16, na kushinda 3-2 katika muda wa nyongeza. Na kocha wa UCLA, Margueritte Aozasa, alikuwa katika msimu wake wa kwanza pale. Niambieni ni kalenda gani ya mwaka jana ingewaonyesha hilo.

Chukueni na msimu wa 2020, ule uliosogezwa hadi 2021 kwa sababu ya korona. Mashindano ya taifa yalipopangwa, Florida State waliwekwa wa kwanza. Santa Clara waliwekwa wa 11. Santa Clara wakawapiga North Carolina 3-1 nusu fainali, wakatoka sare 1-1 na Florida State kwenye fainali na kuwatoa kwa matuta. Na huo ulikuwa mpangilio wa mwisho wa msimu, baada ya watu kuona mechi! Kama aliyeona mechi za msimu mzima anakosea hivyo, aliyepanga kabla ya mechi ya kwanza tumwiteje?

Lakini mfano unaonifurahisha kuliko yote ni 2024.

North Carolina walikuwa wameondokewa na Ally Sentnor na Savy King, ambao Januari ya mwaka huo walichaguliwa namba moja na namba mbili katika drafti ya ligi ya kulipwa, NWSL. Halafu Agosti, siku chache kabla ya mechi ya kwanza, Anson Dorrance akatangaza kustaafu. Huyu ndiye aliyeianzisha timu ile 1979 na kuifundisha hadi siku hiyo, na ndiye aliyeipa Marekani Kombe la Dunia la kwanza la wanawake 1991. Timu ikabaki na kocha wa muda, Damon Nahas. Mtu mwenye akili timamu angetabiri nini? Mwaka wa msiba. Mwaka wa kujenga upya. Wakafika nusu fainali, wakakutana na Duke, waliokuwa wamewafunga mapema msimu huohuo na waliopangwa wa kwanza katika mashindano yote. Wakawapiga Duke 3-0. Fainali wakaifunga Wake Forest 1-0. Ubingwa wa 22 wa NCAA, chini ya kocha wa muda.

Mwaka huohuo chuo cha Mississippi State, ambacho hakijawahi kuwa na jina kubwa katika soka la wanawake, kilishinda mechi zake zote 10 za konferensi ya SEC na kuchukua ubingwa wa ligi hiyo kwa mara ya kwanza. Wale wasichana hawakuota Septemba kama uyoga. Agosti walikuwepo, wakikimbia kwenye joto la Mississippi. Aliyetaka kuwaona angewaona.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana wapo watakaosema mbona mabingwa karibu wote ni majina yaleyale. Ni kweli. Kuanzia 2013 hadi 2024 mashindano 12 yalichukuliwa na vyuo saba tu: Florida State mara nne, UCLA mbili, Stanford mbili, Penn State, USC, Santa Clara na North Carolina mara moja moja. Siwezi kukataa hesabu. Lakini hiyo hasa ndiyo hoja yangu. Huku juu, orodha haituambii kitu. Kusema Agosti kwamba Stanford na Florida State watakuwa wazuri ni sawa na kusema Aprili mvua itanyesha Dar. Hongera, umebashiri. Na huku chini, kuanzia nafasi ya kumi hivi kwenda mkiani, ambako habari ya kweli ingetusaidia, orodha inabuni tu. Juu haina faida na chini ina madhara. Sasa inabaki kwa ajili ya nani?

Na kila mwaka ramli hii inazidi kuwa ngumu kupiga. Zamani mchezaji akisajiliwa chuoni unamhesabia miaka minne. Siku hizi kuna mfumo wa uhamisho ulioanza 2018, na mchezaji anaweza kuhama na kucheza mwaka uleule bila kukaa benchi mwaka mzima kama adhabu. Kikosi cha Mei si kikosi cha Agosti. Halafu wengine wanaruka chuo kabisa. Trinity Rodman alijiunga na Washington State, janga likasogeza msimu, akaondoka bila kucheza hata mechi moja, akachaguliwa namba mbili katika drafti ya Januari 2021 na kuwa bingwa wa NWSL mwaka huohuo. Alyssa Thompson alikuwa njiani kwenda Stanford, akabadili mawazo na kuchaguliwa namba moja Januari 2023. Agosti 2024 ligi ya kulipwa ikaifuta drafti yenyewe, sasa kila mtu anasaini anapotaka. Ongezeni Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 20, lililochezwa Colombia kuanzia mwisho wa Agosti hadi Septemba 2024, na kuchukua wachezaji vyuoni msimu ukiwa umeanza. Ongezeni goti, maana kano ya mbele ya goti hukatika kwa wanawake mara nyingi zaidi kuliko kwa wanaume, na haikupigii simu kukuuliza ulitabiri nini.

Katikati ya yote hayo mtu anaketi na kuandika kwamba timu fulani ni ya 14. Si ya 13, si ya 15. YA KUMI NA NNE.

Najua utetezi wao mkubwa. Wataniambia kwamba dada una hasira za bure, orodha za Agosti hazina uzito wowote rasmi. Na wana haki, nisiwapotoshe. Kamati inayochagua timu 64 za mashindano ya taifa haiangalii kura za makocha. Kwa miaka mingi imetegemea kipimo kinachoitwa RPI. Kwa msingi wake, robo ni asilimia yako ya ushindi, nusu ni ushindi wa wapinzani uliocheza nao, na robo iliyobaki ni ushindi wa wapinzani wa wapinzani wako. Humo hamna ramli.

Sasa tazameni hiyo nusu ya katikati. Nusu ya thamani yako inatoka kwa wale waliokubali kucheza na wewe. Nani anakubali kucheza na wewe? Chuo kikubwa hakitaki kusafiri kwenda kwenye uwanja wa chuo kisicho na jina, kwa sababu kikishinda hakipati sifa na kikifungwa ni aibu ya mwaka. Na jina linatoka wapi? Linatoka kwenye kutajwa. Na kutajwa kunaanza Agosti. Orodha haingii kwenye kipimo kwa mlango wa mbele, lakini dirisha liko wazi.

Halafu kuna jambo ambalo nadhani wengi hawalitazami, na ndilo lililonifanya niandike leo. Mpira wa kubeba mikononi wa wanaume nao una orodha zake za Agosti, tena za kijinga kuliko hizi. Lakini kule kuna maelfu ya waandishi, redio zinabishana asubuhi hadi usiku, kila mtaa una mtu wa kusema "huyu namba tano ni muongo". Orodha inatoka asubuhi na mchana imeshachanwachanwa. Kwenye soka la wanawake hakuna wa kuichana. Magazeti mengi hayana hata mwandishi mmoja wa kudumu wa mchezo huu. Mara nyingi ile orodha ndiyo habari PEKEE itakayoandikwa kuhusu timu hizi mpaka Novemba. Mhariri aliyebanwa na nafasi anaichukua, anaichapa, anajiona ametenda haki kwa wanawake. Mahali penye waandishi wengi, orodha ni mzaha. Mahali pasipo na mwandishi, orodha inageuka kuwa ukweli.

Ndiyo maana sikubali mtu aniambie kwamba orodha zinautangaza mchezo wa wanawake. Hapana, zinaokoa gharama. Ni rahisi zaidi kuchapa majina 25 kuliko kumpa mwandishi nauli akatazame mazoezi. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Hapa tumeligeuza: wao wapo, sisi ndio hatupo, halafu tunasema la kwao halipo.

Mtaniuliza sisi Waafrika Mashariki yanatuhusu nini haya. Yanatuhusu. Mabinti wetu wanakwenda kule, na vyuo ndiyo njia yao ya kupata elimu na mpira kwa pamoja. Mfano hai ni Sandra Nabweteme, mshambuliaji wa Uganda. Alikwenda chuo cha Southwestern Oklahoma State, ambacho hakimo hata katika Daraja la Kwanza, kiko Daraja la Pili. Kwenye orodha zile za Agosti ninazozipigia kelele, mahali pake hapapo kabisa. Alifunga mabao pale, akaichezea timu ya taifa ya Uganda, akaenda kucheza soka la kulipwa Iceland. Kama angesubiri kupangwa kwanza ndipo acheze, angekuwa bado anasubiri.

Kila mwaka napata barua pepe kutoka kwa wasichana wanaocheza ligi zetu, wanaomba ushauri wa chuo. Karibu wote wameshika orodha ya 25 bora na wananiuliza, dada, nianze na namba ngapi? Inaniuma. Kuna zaidi ya vyuo 300 vya Daraja la Kwanza tu ambavyo havimo kwenye karatasi ile, bado hujahesabu Daraja la Pili. Humo kuna makocha wanaotafuta mshambuliaji kama maji ya jangwani na wana ufadhili wa kumpa. Binti wa Mwanza au Kakamega anavipita kwa sababu hakuna aliyeviandika.

Sasa, kulaumu tu si kazi. Nina mapendekezo matatu, na ninayaweka hapa mnipige mawe.

La kwanza: kura ya kwanza isipigwe kabla ya wiki ya tano ya msimu. Ikifika mwisho wa Septemba kila timu imeshacheza mechi za kutosha na tunaweza kubishana juu ya kitu kilichoonekana. Hakuna atakayekufa kwa kukosa orodha Agosti.

La pili: anayepiga kura aweke karatasi yake hadharani na aandike ni timu ngapi kati ya hizo amezitazama kwa macho yake. Idadi tu. Kama ni sifuri, aandike sifuri. Tutaona ni wangapi watabaki na ujasiri wa kuipanga ya 14.

La tatu ni kwetu sisi waandishi. Ukiandika utabiri Agosti, rudi Desemba. Chapa orodha yako ya zamani ukurasa uleule, ukubwa uleule wa herufi, useme nilikosea hapa, na pale, na pale. Mimi wa mwaka wa pili sikurudi. Nilikwenda likizo. Na zile fedha na nafasi tunazotumia kwa orodha, tuzitumie kumpeleka mtu mmoja uwanjani, asubuhi moja, akakae kwenye nyasi na daftari. Atarudi na jina la kipa ambaye hakuna anayemjua. Hiyo ndiyo habari.

Najua kuna watakaosema naharibu starehe, kwamba kubashiri ni sehemu ya raha ya mpira. Sina ugomvi na kubashiri. Bashirini kwenye baraza, bashirini kwenye daladala, wekeni dau la soda. Shabiki anabashiri kwa mapenzi na kila mtu anajua ni mapenzi. Ugomvi wangu ni na aliyepewa kalamu na kitambulisho cha uandishi, anayelipwa ili aone, halafu anaandika bila kuona na kuweka namba ili afanane na aliyeona.

Nimekaa miaka mingi na swali la yule kipa. Sikulijibu siku ile, nilibung'aa na kuuliza kuhusu matuta. Leo nalijibu, ingawa hatasoma maana Kiswahili hakijui: sikuwaona popote. Niliandika tu.

Naomba kutoa hoja. Wenye la kusema semeni, hasa nyie mliocheza au mnaocheza kule. Nani aliwahi kupangwa mkiani kabla hajafunga hata kamba za viatu? Tuko pamoja.